Filme si shahidi juu ya mtoto



Jioni, wakati umeme unapatikana, nyumba zetu nyingi zinajaa watu. Watoto wa jirani wanaingia, wanakaa chini mbele ya televizyo, na mara nyingi filme inayowekwa ni ya Nigeria: kuna mlozi, kuna mchungaji anayeomba kwa sauti kubwa, na mwishoni shetani anashindwa. Kwa kuwa jina la Yesu linatajwa, tunasema hii ni filme ya Kikristo, haina ubaya. Lakini Paulo aliwaambia Wathesalonike wapime mambo yote, na filme ni mojawapo.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1999, kule Nigeria, ilitoka filme iitwayo End of the Wicked, kutoka kanisa la mhubiri Helen Ukpabio. Ndani yake watoto wanaingizwa katika ulozi wakati wa usiku, halafu wanadhuru jamaa zao wenyewe. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu sana, wakisema inawafanya wazazi kuwaogopa watoto wao.

Tukumbuke kwamba filme inatengenezwa. Mlozi ni mwigizaji aliyepakwa rangi usoni. Sauti ya kutisha imeongezwa kwa mashine. Mtu fulani alikaa mezani akaamua nani atakuwa mbaya. Lakini mtoto aliye nyumbani mwetu ameumbwa na Mungu.

Na ni mtoto gani anayenyoshewa kidole kwanza? Sisi walimu tunamjua. Ni yatima anayelelewa na ndugu, au mtoto aliyekutwa nyumbani na mama wa kambo. Anakojoa kitandani, anaongea katika usingizi, ana kifafa, au ana kichwa kigumu. Kukojoa usiku ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo, na huzuni ya kufiwa inaweza kulirudisha hata kwa mkubwa. Kifafa ni ugonjwa, na una dawa. Filme inayageuza hayo yote kuwa alama za ulozi, na mtoto anayefukuzwa kwa ajili ya alama hizo anaenda kulala sokoni.

Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu ya gereza, mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini. Lakini hata kabla ya sheria, Injili ilitufundisha. Katika Marko sura ya 10, wanafunzi walitaka kuwazuia watoto. Yesu alichukizwa, akawakumbatia watoto na kuwabariki. Basi filme inayotuacha tukimwogopa mtoto, hata kama inamaliza kwa maombi, haikutufundisha kama Yesu.

Hatusemi tuuze televizyo. Tunasema mama akae pamoja na watoto, na filme ikiisha waulizane:

Nani ameitengeneza, na anataka tuamini nini?
Ni nani anayeteswa ndani yake, na je, ni haki?
Yesu angemtendea mtu huyo namna gani?
Kesho tutamtendea nani vizuri zaidi kwa sababu ya filme hii?

Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo haogopi kila kivuli, wala hamcheki mwenzake anayeugua.

Kwa mkutano wa kikundi wiki hii: katika mtaa wetu, ni mtoto gani ambaye watu wameanza kumsema pembeni? Tusitaje jina lake mbele ya wote. Wamama wawili waende nyumbani kwao, wakae na mlezi wake, na kama mtoto ni mgonjwa wamsindikize kituo cha afya. Maombi tufanye, na mtoto abaki nyumbani.