Kumbukumbu ya Wavuja Jasho Isifungiwe Kabatini

Wapo wanaodai kwamba msanii akishika upande katika mapambano ya matabaka, kazi yake si sanaa tena bali propaganda. Dai hilo tunalikataa, na ushahidi wetu uko Mexico.

Mwaka 1937 wasanii wa siasa za kijamaa, wakiwemo Leopoldo Méndez, Luis Arenal na Pablo O'Higgins, waliunda mjini Mexico City karakana ya pamoja iliyoitwa Taller de Gráfica Popular. Mwaka 1947 ikatoa mkusanyo wa picha 85 juu ya Mapinduzi ya Mexico. Hawakuanza na majemadari wa 1910 na farasi wao. Walianza na dhuluma za utawala wa Porfirio Díaz, na humo wakawapa nafasi wachimba shaba wa Cananea, waliogoma mwaka 1906 wakidai peso 5 kwa kazi ya saa 8, kwani Wamarekani mgodini humo walilipwa zaidi yao. Wakawakumbuka pia wafanyakazi wa nguo wa Río Blanco, ambao Januari 1907 walilivamia duka lililowafunga kwa madeni, nao wakamiminiwa risasi na askari wa serikali. Zile saa 8 ziliingia katika Katiba ya 1917. Baadhi ya waliozidai walikwisha kuzikwa.

Picha hizo zilichongwa kwenye linoliamu, kitu cha kutandika sakafuni. Palipochongwa hubaki peupe, palipoachwa hushika wino. Hapana kijivu cha kujifichia. Kibao kimoja hutoa mamia ya nakala kwa gharama ndogo. Sanamu ya shaba husimama mahali pamoja tu (na shaba hiyo, tuulize, imechimbwa na nani?), bali karatasi humfuata mfanyakazi hadi nyumbani kwake.

Ni kweli, mkusanyo wenyewe ulichapwa nakala mia chache tu, ingawa karakana hiyo ilitoa pia mabango ya kubandikwa mitaani. Leo nakala hizo zimo katika majumba ya makumbusho na mikononi mwa matajiri. Hatupingi zitunzwe. Lakini wenye nazo wana wajibu wa kuruhusu zichapwe upya kwa bei nafuu, na kumbi za vyama vya wafanyakazi wa Cananea na Río Blanco ndizo zipewe kwanza.