Taka Bila Daftari

Watu wengi huisifu kazi ya kusafisha mito, na sifa hiyo ni ya haki. Vijana hushuka ukingoni, huopoa uchafu, huujaza katika magunia, na jioni hurudi makwao wamechoka na wameridhika. Lakini mvua moja ya masika hutosha kuurejesha uchafu ule ule mahali pale pale. Nasema, msomaji, kwamba aopoaye taka bila ya kuzihesabu amefanya nusu ya kazi, nayo ni nusu isiyodumu. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Taka nazo, bila daftari, hurudi bila habari.

Utazame Mto Nairobi. Huanza katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Hupita mjini na kando ya jaa la Dandora. Hujiunga na Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, hata ukamwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Katika safari ndefu namna hii, kila mtaa huulaumu mtaa ulio juu yake. Gunia lililofungwa mdomo haliwezi kuamua ugomvi huo. Gunia lililomwagwa na kuchambuliwa laweza: hizi chupa, hivi vifuniko, hizi kandambili, haya matambara, kila fungu na idadi yake, siku yake na mahali pake.

Yuko atakayecheka na kusema kuwa sheria hutungwa na wakubwa, si na watoto wahesabuo vifuniko. Historia yamjibu. Mwaka 1986, katika pwani ya Texas, Marekani, watu wapatao 2,800 walijitolea kuokota taka, na walivyookota waliviandika katika kadi. Kadi hizo zilikuwa hoja mikononi mwa waliodai kwamba meli zizuiwe kutupa taka baharini; na mwaka 1987 Marekani ilitunga sheria ya kukataza meli kutupa plastiki. Tena, mwaka 2019, Umoja wa Ulaya ulipoamua kupiga marufuku mirija, sahani na vijiko vya plastiki vya kutumiwa mara moja, ulitegemea hesabu za vitu vilivyookotwa fukweni. Kifuniko kimoja ni takataka. Vifuniko elfu vilivyoandikwa ni ushahidi.

Yuko na wa pili, mwenye hoja nzito zaidi. Husema kuwa mwanafunzi anayechambua taka humpunguzia mzigo yule aliyezileta. Ingekuwa kweli kama angezizoa akanyamaza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya usimamizi wa taka yamtwika mtengenezaji wajibu wa bidhaa zake hata zikishatumika. Lakini mzigo utatwikwa nani, ikiwa hapana ajuaye ni bidhaa zipi zimejaa mtoni? Orodha haimwondolei mkosaji mzigo. Humtafuta ili autwae.

Fikiri pia juu ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Je, katika mto ulio karibu na shule yako imepungua kwa kiasi gani? Mwenye orodha ya kabla na ya baadaye atajibu kwa tarakimu. Asiye nayo atajibu kwa kelele.

Sisemi kwamba hesabu hutibu kila ugonjwa. Sumu iliyoyeyuka majini haihesabiwi kwa vidole. Hiyo ni kazi ya maabara. Wala hesabu ya ovyo haifai. Upimwe urefu ule ule wa ukingo, kwa orodha ile ile, kila msimu. Mikono ivikwe glavu, na sindano na vigae vya chupa viachiwe watu wazima wenye vifaa.

Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na yamwagiza kila mtu kushirikiana na serikali kuyatunza. Basi, msomaji, siku utakapoitwa kusafisha mto, nenda na gunia, lakini usiisahau kalamu. Gunia litausafisha ukingo kwa juma moja. Daftari, likifikishwa mbele ya wanaotunga sheria na kusomwa pasipo woga, laweza kuuziba mfereji unaouchafua.