Kila Uzi na Lua Yake

Injini ya uigaji, iwe ya mchezo wa kompyuta au ya foleni za magari, mara nyingi huandikwa kwa C++ ili iende kasi. Kisha hupachikwa lugha nyepesi ya skripti, kanuni zibadilishwe bila kuiunda injini upya. Matata huanza kazi inapogawanywa kwa nyuzi nyingi, yaani mikondo ya utekelezaji inayokwenda sambamba.

Kati ya lugha hizo, Python ni mfano mchungu. Tangu miaka ya 1990 mkalimani wake wa kawaida, yaani programu inayotekeleza msimbo wake, hulindwa na kufuli moja: nyuzi nane zikitaka kuendesha msimbo wake, moja hufanya kazi, saba husubiri, kama abiria wanaogombea mlango mmoja wa daladala. Toleo la 3.13, la Oktoba 2024, lilileta kwa majaribio muundo usio na kufuli hilo. Si haba, ila umechelewa.

Lua, lugha nyingine ya skripti, iliyozaliwa 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazili, ilikuwa na busara zaidi. Hali yote ya mkalimani hukaa katika kifurushi kimoja, na programu inaweza kuunda vifurushi vingi visivyojuana. Basi kila uzi upewe chake, mawasiliano yawe kwa ujumbe.

Kunakili data kati ya vifurushi kuna gharama, kweli. Lakini wanaong'ang'ania mkalimani mmoja wa pamoja hulipa zaidi: hitilafu zinazotokea leo na kutoweka kesho, na uigaji usiotoa jibu lile lile mara mbili.