Taa zinazojiwasha: Kabla hujakata waya, mkumbuke mtoto aendaye shule

Saa 6 mchana jua linawaka, na lori la mihogo linaingia Nyabibuye taa za mbele zikiwa zimewaka. Mpita njia anamwashiria dereva kwa mkono, vidole vikifumba na kufumbua: zima taa. Mbele kidogo mwenye bodaboda naye anaashiria vilevile. Jioni dereva anafika nyumbani amechoka, anamwambia mkewe, "Mama watoto, kesho napeleka gari kwa fundi akate huo waya. Taa zitanimalizia betri."

Mazungumzo kama hayo yanaweza kusikika katika nyumba yoyote yenye gari, kuanzia Kakonko hadi Kibondo na Kasulu. Mengi ya magari yetu hununuliwa nje yakiwa yametumika, na baadhi huja na taa zinazojiwasha zenyewe. Mwenye gari huona ni ubovu. Kabla hajalipa fedha ya fundi, ni vizuri ajue anachotaka kuzima.

Taa hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni taa za mchana, ambazo huwaka mara injini inapowashwa. Sweden ilianza kuwataka madereva wawashe taa mchana mwaka 1977. Umoja wa Ulaya nao uliagiza aina mpya za magari madogo ziwe na taa hizo kuanzia Februari 2011, na malori na mabasi kuanzia Agosti 2012. Aina ya pili huongozwa na sensa ndogo, ambayo mara nyingi huwa juu ya dashibodi au kwenye kioo cha mbele. Ikihisi giza, huwasha taa za mbele na za nyuma.

Je, zinamaliza betri? Taa mbili za haljeni za wati 70 kwenye lori la volti 24 hutumia takriban ampea 6. Injini ikiwa inafanya kazi na alteneta ni nzima, mzigo huo ni mdogo. Betri huisha pale gari linapozimwa na taa zikaachwa zinawaka, au alteneta inapokuwa imechoka.

Na kama taa za sensa zinawaka saa 6 mchana, chanzo kinaweza kuwa kitu kidogo sana: vumbi juu ya sensa, stika kwenye kioo, au kitambaa cha manyoya kilichotandikwa kwenye dashibodi. Sensa iliyofunikwa hudhani ni usiku. Ndiyo maana anayeibandika solotepu ili taa zizime hushangaa kuona zinawaka kutwa nzima.

Hoja kubwa, hata hivyo, si betri. Kigoma iko magharibi mwa nchi, na jua huchomoza huku karibu nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Saa ya ukutani ni ileile, na kengele ya shule haingoji jua. Mtoto anayetoka nyumbani saa 12 asubuhi hutembea kando ya barabara katika mwanga hafifu. Nyanda hizi zina baridi, kwa hiyo shati jeupe linafunikwa na sweta la rangi nyeusi au bluu. Ukungu ukishuka, haonekani.

Dereva aliyeamka alfajiri macho yake yameshazoea giza. Anaiona njia, anaamini kumekucha, hawashi taa. Sensa ingewasha. Taa ya gari haipo kwa ajili ya dereva kuona tu. Ipo ili naye aonekane. Mtoto wa shule ya msingi bado hawezi kukadiria vizuri mwendo wa gari linalomjia, na lisilo na taa humchelewesha zaidi kulitambua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Kwa hiyo anza na kufuta vumbi na kuondoa kitambaa. Tatizo likibaki, mwambie fundi apime sensa na alteneta kabla ya kugusa waya. Ukiamua kuzima mfumo huo, hakikisha swichi ya kawaida inawasha taa zote, mbele na nyuma, kisha jizoeze kuwasha kabla ya kuondoa gari asubuhi, jioni, wakati wa mvua na kwenye ukungu. Usizitegemee taa za mchana giza linapoingia, kwani kwenye magari mengi huwaka mbele tu. Nyuma lori linabaki giza.

Nyumbani, mfundishe mtoto atembee upande wa kulia wa barabara, akiyatazama magari yanayomjia. Shona kipande cha kitambaa cheupe au riflekta kwenye begi na kwenye sweta.

Na yule dereva wa mihogo? Mkewe anaweza kumjibu hivi: "Nenda tu kwa fundi, baba. Lakini kwanza toa lile zulia la dashibodi, maana asubuhi wanao nao wanapita njia hiyohiyo."