Nyumbani Kwetu: Shanta la Kwenda Jepesi na Kurudi na Nyama

Wiki hii tunajibu barua ya mama mmoja wa Ngagara, mke wa askari polisi. Anaeleza kwamba mumewe anajiandaa kwenda likizo kilimani kwao, ambako jamaa watamaliza matanga ya mzee wao. Siku hiyo ya kuganduka, kama tunavyosema kwa Kirundi, atachinjwa ng'ombe, na baba huyo atarejea Bujumbura na sehemu yao ya nyama pamoja na sehemu za ndugu wawili walioshindwa kusafiri. Mama huyo ameona sokoni, katika mitumba, shanta la kitambaa kizito ambalo mwuzaji amemwapia kuwa ni la wawindaji wa Ulaya. Anauliza: je, linafaa, au ni jina tu?

Swali lake limenigusa, kwa kuwa nyumba yangu ililipa gharama ya kutolijua jibu. Miaka michache iliyopita mume wangu, ambaye sasa amestaafu jeshini, alikwenda Mugamba kwa shughuli kama hiyo. Alipanda na mkoba wa mgongoni wa kawaida, wa namna wanayobeba wanafunzi, ndani yake mna sukari, chumvi na sabuni za kuwapelekea wazee. Haukumsumbua hata kidogo. Kurudi kwake alikabidhiwa paja la ng'ombe na mbavu, kilo 31 kwa mizani, nyama iliyochinjwa asubuhi ile ile na bado ina moto. Wakaifunga kwa karatasi ya nailoni, wakaisukumiza mkobani. Kutoka nyumbani hadi barabara ya lami ni mwendo wa saa moja na nusu, kupanda na kuteremka. Kwenye kijito cha kwanza mkanda mmoja ulikatika. Akaendelea kwa bega moja.

Alifika usiku. Mgongo wake ulimlaza kitandani majuma matatu, na nyama iliyokuwa karibu na mfupa ilikuwa imeanza kunuka. Sehemu tuliyolazimika kuitupa ilikuwa ya shangazi yake anayekaa Kinama. Ni mimi niliyekwenda kumwambia. Nilimkuta ameshaosha chungu na kuwaalika majirani wawili.

"Shangazi," nikasema, "nyama yako imeharibika njiani."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na aliyeibeba, mwanangu, yu mzima?"

"Amelala, Shangazi. Ni mgongo."

"Basi mwache apumzike." Akakichukua chungu, akakifunika, akakirudisha ndani. Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo, wala hajalisema hadi leo, na kila tunapokula nyama nyumbani kwetu mimi hukikumbuka chungu kile. Nyama ya siku ya kuganduka hainunuliki tena buchani.

Sasa tuliangalie shanta lenyewe. Nchini kwetu shanta hili halina kazi ya kuwindia. Wanyama wa Kibira, wa Ruvubu na wa Rusizi wanalindwa na sheria, na hilo wasomaji wetu wenye sare hawahitaji kukumbushwa. Jirani zetu wa Tanzania wana uwindaji wa leseni, na kwa kanuni za mwaka 2020 wameruhusu hata mabucha ya nyamapori. Huko shanta la mwindaji lina kazi yake halisi. Lakini tafakarini safari ya mwindaji ilivyo. Alfajiri huondoka na vitu vichache: maji, kisu, chakula kidogo, koti la mvua. Akifanikiwa, jioni hurudi na mzigo unaozidi ule wa asubuhi mara tano au sita, tena katika njia isiyo na gari. Je, hiyo si safari ya mwana anayepanda Mugamba na kilo tatu za sukari na kuteremka na paja la ng'ombe? Kwa hiyo mwuzaji wa mama yetu huenda hakudanganya.

Shanta la mwindaji lililotengenezwa vema huwa ni vitu viwili vilivyoungana: kiunzi, na mfuko. Kiunzi ni mbavu mbili za alumini, au ubao mwembamba wa plastiki ngumu, ulioshonewa mkanda mnene wa kiunoni. Mfuko, wa lita 30 au 40 hivi, umeshikizwa kwenye kiunzi hicho kwa kanda na bizimu. Wakati wa kwenda, kanda hukazwa na mfuko ukawa mdogo mgongoni. Wakati wa kurudi, kanda hufunguliwa, mfuko ukasogezwa nyuma, na nyama ikawekwa katikati, baina ya mfuko na kiunzi, kisha yote yakakazwa tena. Hivyo nyama haiingii ndani ya mfuko kabisa. Nguo na karatasi zako hubaki safi. Jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba mzigo mzito hulala ukigusa mgongo, haukuvuti nyuma kama mtoto anayening'inia.

Mama wa Ngagara, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kukitazama. Lifungue shanta, utafute nafasi hiyo ya katikati. Kama mfuko umeshonwa moja kwa moja kwenye kiunzi, bado laweza kuwa shanta zuri, ila utabeba nyama ndani yake pamoja na damu yake. Kama halina kiunzi chochote, ni mkoba tu uliotiwa rangi ya majani. Uuache.

Cha pili ni mkanda wa kiunoni, na hapa naomba subira yenu, maana wengi hudhani mzigo wa mgongoni hubebwa na mabega. Sivyo. Mabega ni ya kuuzuia mzigo usianguke. Wa kuubeba ni mifupa ya nyonga na miguu. Mkanda ukikaa sawasawa juu ya mifupa hiyo na kukazwa barabara, sehemu kubwa ya uzito hushuka huko, na mbebaji aweza kupitisha vidole chini ya mikanda ya mabegani bila taabu. Ili mkanda ufike mahali pake, urefu wa kiunzi lazima ulingane na mgongo wa mtu. Mgongo hupimwa kutoka mfupa unaojitokeza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa nyonga. Mtu mrefu aweza kuwa na mgongo mfupi na miguu mirefu. Kwa hiyo msimnunulie mtu shanta bila yeye kuwapo. Mashanta ya mitumba yametoka kwa watu wenye maumbo mengine kabisa.

Mkanda mwembamba kama wa suruali haufai kitu. Uwe na upana wa kiganja, wenye sponji ngumu isiyobonyea hadi vidole vikakutana. Tazameni pia kama kuna kanda mbili ndogo zinazotoka juu ya mabega kwenda kwenye ncha ya kiunzi. Kazi yake ni kuuvuta mzigo uje mbele, na bila hizo kilo 20 hukufanya uinamie ardhi kama mtu anayetafuta sindano.

Halafu mshono. Mkanda wa mume wangu haukukatika wenyewe. Ni uzi uliofumuka pale ulipoungana na mfuko. Pageuzeni mahali hapo, muangalie. Mshono wa kuaminika hufanya mraba wenye msalaba ndani yake. Mshono wa mstari mmoja wapaswa kurudiwa, na hilo si jambo la kulikataa shanta zima: mafundi charahani wa Buyenzi wanaoshona maturubai wana mashine na uzi wa kazi hiyo, na ni kazi ya muda mfupi. Zipu mbovu ni balaa zaidi kuliko mshono. Bizimu iliyovunjika hubadilishwa.

Rangi nayo ina neno lake. Mashanta mengi ya wawindaji yana mabaka ya majani na matawi, na kwa macho ya kizuizini usiku mabaka hayo hufanana na sare. Raia asijitafutie maswali. Achukue la kijivu, la kahawia au la kijani kitupu. Askari naye asijidanganye kwamba atalitumia shanta alilokabidhiwa kazini. Lile ni mali ya serikali, na harufu ya damu katika kitambaa haimtii heshima mbele ya mkubwa wake siku ya ukaguzi.

Mzigo uwe kiasi gani? Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliotembea kati ya Ujiji na Bagamoyo, walibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na walikuwa watu wa kazi hiyo tangu ujana wao. Kitabu cha mafunzo cha jeshi la Marekani cha mwaka 1990 kiliweka kilo 22 kwa askari anayeingia katika mapigano, na kilo 33 kwa aliye katika mwendo wa kuelekea huko. Na huko Bukavu wako akina mama wanaobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso mizigo inayozidi uzito wao wenyewe. Shida ndiyo iliyowabebesha, wala tusiufanye kuwa mfano. Kwa mtu wa kawaida anayetoka likizo, theluthi moja ya uzito wake inatosha. Mume wangu alikuwa na kilo 66. Theluthi yake ni 22, naye alibeba 31 kwa bega moja. Nilipoiandika hesabu hii karatasini kwa mara ya kwanza niliona haya, kwa sababu ni mimi niliyempigia simu kumwambia asiache hata mfupa wa supu.

Mfupa huo ndio uliotuharibia nyama. Ng'ombe aliyechinjwa sasa hivi ana joto la kiasi cha digrii 38 ndani ya paja, na sehemu nene iliyo karibu na mfupa ndiyo ya mwisho kupoa. Kwa hiyo kuoza huanzia huko, ambako jicho halioni. Ukiitoa nyama mfupani na kuikata vipande vinene kama mkono wa mtu, inapoa upesi, na mzigo nao hupungua kwa karibu moja ya tano. Zile kilo 31 zingekuwa 25 hivi. Vipande vitundikwe kivulini penye upepo. Nyanda za Mugamba zinazidi mita 2,000, na usiku wake ni baridi. Achinjaye jioni na kuondoka alfajiri anapata bure ubaridi ambao hapa mjini tunaulipia umeme. Bujumbura tuko kwenye mita 770 na kitu tu, kando ya ziwa, na mchana joto hufika digrii 30. Kila kona ya barabara ya kuteremka inaiongezea nyama joto. Tusiisindikize kwa kuifunga nailoni.

Juu ya nailoni, mtakumbuka kwamba amri ya Agosti 2018 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki nchini na kutoa miezi 18 ya kujiandaa. Wengi walinung'unika, nami nilikuwa mmoja wao. Kwa upande wa nyama lakini hatukupoteza kitu: plastiki hufungia joto na unyevu ndani. Nunueni kitambaa cha marekani, mshone mifuko mitatu au minne ya kamba mdomoni, kila mmoja wa kuingiza kilo sita au saba. Kitambaa hicho hupumua, huzuia nzi, na hufuliwa. Ukiwa na mifuko midogo unaweza pia kumgawia mwenzako wa safari sehemu ya mzigo, na kila ndugu akapokea fungu lake bila kukatiwa upya sebuleni.

Mifuko hiyo ipangwe kwa kusimama, ikigusa kiunzi, ile mizito iwe usawa wa katikati ya mgongo hadi chini kidogo ya mabega. Ikikaa chini sana hukuvuta nyuma. Ikipita kichwa, hukuyumbisha kwenye mteremko wa utelezi. Kazeni kanda za pembeni mpaka mzigo usicheze. Njiani pumzikeni kabla ya kuchoka, na anayeinuka na shanta zito aanze kwa kupiga goti moja, si kwa kuinama kiuno.

Mkifika nyumbani, damu ioshwe kwa maji baridi kwanza, sabuni baadaye. Maji ya moto huigandisha kwenye uzi, na majuma mawili baadaye shanta zima hunuka.

Sasa, mama wa Ngagara, usilinunue peke yako. Nenda sokoni na mumewe wa nyumba, yaani baba watoto, siku ya kazi, asubuhi, robota linapofunguliwa. Mkiwa mmeshatazama kiunzi, mkanda na mshono, mwombeni jirani wa mwuzaji awaazime gunia la mchele la kilo 25. Mlitie kwenye shanta, baba alivae, akaze kiunoni, atembee hadi mwisho wa soko na kurudi mara mbili. Watu watacheka, waacheni wacheke. Akirudi mwulize panapomwuma. Akisema nyongani kidogo, lipieni. Akisema mabegani, legezeni na kukaza upya, mjaribu tena, na kama bado ni mabegani, tafuteni jingine. Mwuzaji akikataa shanta lake lisijaribiwe kwa gunia, mwageni kwa heshima.