Mlima Tuliojijengea

Juma lililopita mwanafunzi wetu mmoja alitujia baada ya masomo, mkononi ana simu mpya aliyopewa na mjomba wake. Akatuuliza: "Mwalimu, nikitaka kuupiga picha mji wa Lubumbashi, uonekane wote kwa mara moja, nisimame wapi?" Tulidhani ni swali dogo, la kujibiwa mlangoni. Lakini tulipofungua kinywa tukaona hatuna jibu tayari, nasi tumekaa katika mji huu miaka mingi. Basi leo twapenda kumjibu mbele ya wasomaji wote, kwa sababu tulipolitafuta jibu tuliona kwamba lina mambo makubwa kuliko picha.

Twaanze na nchi yenyewe. Mtu wa Bukavu hana shida: apanda kimoja cha vilima vyake, na Ziwa Kivu liko chini yake pamoja na nyumba zote. Mtu wa Goma anayo Nyiragongo nyuma ya mji. Mtu wa Kinshasa apanda Ngaliema, akauona mto mkubwa. Lakini mahali petu Mungu alipafanya uwanda. Lubumbashi yakaa juu, kadiri ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, ila yakaa sawasawa kama meza. Naye Emile Wangermée, aliyeuanzisha mji huu mwaka wa 1910, alizipima barabara zake zilizonyoka, zikakatana kama mistari ya daftari la hesabu. Ukisimama katikati yake, waona barabara na miti tu. Mji wenyewe huuoni.

Hata hivyo tunao mlima mmoja. Kila mtoto wa Lubumbashi aujua: ule mlima mweusi wa kiwandani, pamoja na dohani ndefu iliyo karibu nao. Ndizo alama za mji wetu. Wachoraji wa hapa wamezichora mara nyingi, na msafiri azionapo hujua kwamba amefika.

Mlima huo haukuumbwa siku ya tatu pamoja na milima mingine. Ulijengwa na watu. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1910 reli itokayo kusini ilifika hapa, na mji ukapewa jina la Élisabethville, jina la malkia wa Wabelgiji. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka wa 1966. Mwaka wa 1911 tanuru ya kwanza ilitoa shaba. Yafaa mwanafunzi ajue kazi ya tanuru. Mawe yenye madini huyeyushwa kwa moto mkali. Shaba, kwa kuwa ni nzito, hushuka chini, na uchafu wa mawe huelea juu. Wahunzi wa kale waliyaita mabaki ya namna hiyo mavi ya chuma. Haya yetu ni mavi ya shaba. Wafanyakazi waliyatoa yangali moto wakayamwaga nje, mzigo juu ya mzigo, mchana na usiku, kwa miaka zaidi ya 60. Yalipopoa yakawa jiwe jeusi. Hivyo zikakusanyika tani zaidi ya milioni 10. Wazee wasimulia kwamba usiku, yalipomwagwa, anga la upande ule lilikuwa jekundu, hata watoto wa sité walitoka nje kutazama.

Sasa twamjibu kijana wetu. La kwanza: usithubutu kuupanda mlima wenyewe. Ni mali ya kiwanda, magari mazito yapita, na vumbi lake si zuri kwa mapafu. Tena mtu aliyesimama juu ya mlima hawezi kuupiga picha mlima. Lakini kuna mahali patatu panapofaa.

Pa kwanza ni Kamalondo, sité ya zamani. Kutoka hapo mlima uko upande wa magharibi. Ukienda asubuhi, jua liko mgongoni mwako, nalo laangaza mteremko wote. Utaona kwamba mlima hauna weusi mmoja tu, bali umejaa mikunjo na rangi ya majivu. Ukienda jioni, jua lashuka nyuma yake. Hutaona rangi, utaona umbo tu, mlima na dohani, kana kwamba vimekatwa kwa mkasi katika karatasi nyeusi. Picha ya asubuhi hufundisha, picha ya jioni hupendeza. Piga zote mbili.

Pa pili ni Katuba, upande wa kusini. Hapo utapata mapaa ya mabati mbele, kisha dohani na mlima nyuma. Lakini angalia saa. Mwezi wa Juni na Julai jua la saa sita huwa upande wa kaskazini, yaani machoni mwako, na picha itaharibika. Enda kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi.

Pa tatu ni juu ya jengo refu la katikati ya mji, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Hapo utaona Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa kwa matofali karibu na mwaka wa 1920, wakati misheni ya Katanga ilipoongozwa na Wabenedikto wa Padre Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa baadaye askofu. Mwezi wa Septemba na Oktoba utaona pia mijakaranda iliyovaa zambarau. Ukigeukia kusini, tazama jambo ambalo chini halionekani vema. Zamani za wakoloni, mji wa Wazungu ulitengwa na sité ya Waafrika kwa ukanda mtupu, ulioachwa makusudi, kwa sababu walidai kwamba maradhi yatoka kwetu. Ingawa majengo yameingia humo, alama zake zingali katika mpango wa mji. Picha ya juu hueleza mambo ambayo miguu hupita bila kuyajua.

Juu ya majira, twasema hivi: Agosti na Septemba moshi wa mbuga zinazochomwa hulifunika anga, na picha huwa kama imefunikwa shuka. Baada ya mvua za kwanza hewa husafika. Tena, omba ruhusa po pote. Usielekeze kamera kwenye kambi za askari, uwanja wa ndege wala ofisi za serikali. Askari akikuuliza, jibu kwa adabu, usikimbie.

Hapa tungaliweza kumaliza. Lakini Jumamosi tuliwachukua wanafunzi kadhaa hadi Kamalondo kujaribu shauri letu wenyewe. Walipokuwa wakipiga picha, wakisogea huku na huku ili waya za umeme zisiingie, mzee mmoja alitoka uani mwake, akasimama akiwatazama. Kisha akauliza: "Wanangu, mnapiga picha ya nini?" Wakajibu: "Ya mlima, babu." Akasema: "Na mimi mwaniondoa njiani?" Tukaona haya, kwa maana ndivyo walivyotaka kufanya: walikuwa wakimngoja apite, picha iwe safi.

Tukaketi naye. Akatuambia kwamba alifanya kazi tanuruni, tena miaka kadhaa alikuwa miongoni mwa wale waliomwaga mavi ya shaba. Alitoka kazini mwaka wa 2003, pamoja na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walioachishwa mwaka huo. Zamani watu walisema Kompani ni baba na mama, kwa kuwa ilitoa nyumba, unga, shule na hospitali. "Mwalimu," akasema, "siku moja tukaamka yatima, nasi tuna mvi." Kisha akanyosha kidole, akaonyesha begani mwa mlima: "Pale. Sehemu ile ni ya zamu yetu." Wanafunzi walinyamaza. Walikuwa wameutazama mlima ule tangu utoto, wala hawakujua kwamba una zamu.

Tukamwuliza kama anayo picha yake ya siku za kazi. Akasema hana hata moja.

Ndugu wasomaji, jambo hilo lilitusumbua njiani. Picha za kazi ile zipo nyingi. Kampuni na serikali ya kikoloni zilipiga picha kwa bidii: mitambo, safu za wafanyakazi, watu waliosimamishwa wakiwa na namba. Lakini zimekaa katika maktaba za mbali, na mara nyingi jina la mtu halikuandikwa. Mwana mmoja wa mji huu, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka wa 1978, aliuona upungufu huo. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, ya mwaka wa 2006, alichukua watu wa picha za zamani akawaweka tena mbele ya viwanda vilivyochakaa alivyovipiga picha mwenyewe. Ukizitazama, waona kwamba mahali na mtu vilikuwa vimetenganishwa, naye ameviunganisha.

Tena kuna sababu ya kufanya haraka. Mlima waondolewa. Tangu miaka ya 2000 mavi yale yamekuwa yakiyeyushwa upya, kwa kuwa yamebaki na kobalti, shaba na madini mengine ambayo tanuru za zamani hazikuweza kuyatoa. Mwaka wa 2023 kampuni ya STL, iliyo ya Gécamines, ilizindua kiwanda kipya, na mwaka wa 2024 ikaanza kupeleka nje madini yaitwayo jemaniamu. Kijana, sikiliza jambo hili: jemaniamu hutumiwa kutengenezea lenzi za kamera zinazoona gizani, na kobalti hutiwa katika betri za simu. Wewe wataka kuupiga picha mlima, kumbe mlima wenyewe waenda kuwa kamera.

Hatusemi mlima usiguswe. Mali iliyolala si sadaka kwa mtu ye yote, na vijana wahitaji kazi. Wala hatusemi mlima ule ni mtakatifu: moshi wa tanuru zile, wenye kiberiti, uliua miti upande uliopelekwa na upepo, na wengi walivuta vumbi lake. Lakini kitu kilichojengwa kwa jasho la vizazi vitatu kisiondoke kama takataka, bila mtu kuandika ni jasho la nani. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka wa 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha kutafutia faida. Kama si chombo alipokuwa kazini, basi si chombo cha kusahauliwa baada ya kazi.

Mwakumbuka Waisraeli walipovuka Yordani. Yoshua aliamuru mawe 12 yatolewe mtoni, yawekwe pamoja, ili watoto watakapouliza maana yake, baba zao wapate kuwaeleza. Sisi tunayo mawe zaidi ya hayo. Ila watoto hawaulizi, na baba nao hawaelezi.

Basi, kijana wetu, hili ndilo jibu. Simama Kamalondo au Katuba, kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa zuri. Lakini usimwondoe mtu njiani. Mwombe babu yako, au jirani aliyefanya kazi ile, au mama mjane wake, asimame mbele. Piga picha, ukaichapishe katika karatasi, kwa maana simu huibiwa. Nyuma yake andika jina lake lote, kazi yake, miaka yake, na siku ya leo. Kisha mpelekee moja, ubaki na moja.

Na kila familia ichague mahali pamoja pa kusimama, irudi hapo kila mwaka siku ile ile. Twapendekeza tarehe 29 Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, wasimamizi wa Kanisa Kuu letu, baada ya Misa. Mlima utapungua mwaka kwa mwaka, na watoto watakua mbele yake.

Sisi tumekwisha kuchapisha ya mzee wetu. Amesimama wima, amevaa koti ingawa ni joto, na bega la mlima liko juu ya bega lake. Jumapili tutampelekea.