Programu za ramani: Wateja waonjeshwe kwanza

Katika masoko ya nafaka kama Tandale, mnunuzi wa jumla hatoi fedha kabla gunia halijachomwa bambo. Punje zikitoka huangaliwa na kutafunwa, ndipo bei ianze kuzungumzwa. Muuzaji anayekataa gunia lake lichomwe hushukiwa papo hapo, hata kama mchele wake ni wa Kyela halisi.

Katika biashara ya programu za kompyuta utaratibu huo umekuwa mgumu kwa miaka mingi, na la kushangaza ni kwamba umekuwa mgumu zaidi kwa bidhaa zisizo na bei kabisa. Hizo ni programu huria, yaani zile ambazo watungaji wake wameziachia kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzinakili, kuzifungua aone zilivyoundwa na hata kuzibadili. Katika fani ya ramani zipo nyingi, na baadhi zinashindana bila aibu na zile zinazouzwa kwa maelfu ya dola. Lakini mfanyabiashara wa kawaida hazijui, na akizisikia hana njia nyepesi ya kuzijaribu.

Inayoongoza kwa umaarufu ni QGIS, iliyoanzishwa na Mmarekani Gary Sherman mwaka 2002 na kufikia toleo lake la 1.0 mwaka 2009. Leo inatumiwa na serikali, vyuo na makampuni ya upimaji duniani kote. Leseni yake haina malipo. Je, hiyo ina maana kwamba haina gharama? Aliyesoma biashara atajibu hapana bila kusita. Faili la kuisakinisha kwenye Windows hukaribia gigabaiti moja au kuzidi, jambo ambalo kwa mtu wa bando la simu ni fedha taslimu. Kompyuta ya dukani yenye kumbukumbu ndogo itasuasua. Programu ikishafunguka, mgeni anakutana na vitufe vingi kuliko vya chumba cha rubani, na hakuna ramani yoyote mbele yake mpaka aitafute mwenyewe. Siku nzima imekwisha, duka halikusimamiwa, na bado hajajua kama kitu hicho kitamfaa.

Siku hiyo moja ndiyo bei halisi ya programu ya bure. Hailipwi kwa mtungaji, inapotea tu, na kwa sababu hiyo hakuna anayeiona katika hesabu. Mfanyabiashara mwenye akili timamu huiona kabla ya kuilipa, naye huacha. Tena bidhaa isiyo na bei humtia shaka, kwani wahenga walishasema rahisi huvunja upishi. Anaishia kununua leseni ya kigeni asiyoihitaji, au, kama wengi wafanyavyo, anaendelea kuchora njia za madereva wake kwenye karatasi.

Dawa ya tatizo hili imekwishapatikana. Programu iwekwe ndani ya kivinjari, kile kile ambacho kila mtu anasomea habari na barua pepe, ili mteja afungue ukurasa na kuanza kuigusa bila kusakinisha chochote, bila kujiandikisha na bila kumwomba mtu ruhusa.

Mfano mzuri unatoka OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Kwa miaka mingi wachoraji wake hodari walitumia JOSM, programu nzuri lakini ya kusakinishwa, inayomtaka mtu awe amezoea. Mwaka 2012 taasisi ya Knight ya Marekani ilitoa dola 575,000 kwa kundi la Mapbox ili kuboresha zana za ramani hiyo, na mwaka 2013 kikazaliwa iD, kihariri kinachofunguka ndani ya kivinjari. Ndani yake limo somo la majaribio: mgeni anachora barabara, anaweka nyumba na kutia majina, na hakuna anachokifanya humo kinachoingia katika ramani ya kweli. Akikosea hakuna hasara. Somo lenyewe linafanyika katika mji mdogo wa Three Rivers, jimbo la Michigan, na hapo mtu anaweza kuuliza kwa haki kabisa kwa nini kijana wa Mbagala ajifunzie mitaa ya Michigan. Lakini mlango uko wazi, na aliyeufungua alijua kwamba kufungua mlango ni gharama inayopaswa kuingia katika bajeti. Dola 575,000 si fedha za soda.

Kwa mfanyabiashara ipo zana nyingine inayofaa zaidi kuanzia. Kampuni ya magari ya kukodi ya Uber iliiachia huria mwaka 2018 programu iitwayo kepler.gl. Chukua mfano wa msambazaji wa unga mwenye maduka 300 anayoyahudumia. Madereva wake wana simu, na simu hutoa latitudo na longitudo ya kila duka. Akiziandika katika jedwali la kawaida, safu mbili za mahali zikiwa na majina yake ya Kiingereza, safu ya tatu idadi ya mifuko kwa wiki, kisha akaliburuta faili hilo hadi ndani ya ukurasa wa kepler.gl, muda mfupi baadaye ataona maduka yake yote juu ya ramani na sehemu zenye mauzo makubwa zikiwa zimekolea rangi. Ataona pia mtaa ambao hana hata mteja mmoja ilhali uko kati ya mitaa miwili inayonunua vizuri. Haya ni mambo anayodhani anayajua. Mara nyingi anayajua nusu.

Hata hivyo onjo zote si za namna moja, na hapa ndipo mwenye biashara anapotakiwa kufungua macho. Kuna programu ambazo zikifunguka katika kivinjari hufanya kazi yote ndani ya kompyuta ya mteja. Kepler.gl ni mojawapo, na mapshaper, inayotumika kupunguza uzito wa faili za ramani, ni nyingine. Faili la maduka 300 halitoki mezani. Kuna nyingine ambazo ni lazima zikae katika seva ya mtu, kama GeoNode, programu huria ya kuhifadhi na kugawana ramani iliyopata msukumo mkubwa kutoka Benki ya Dunia. Watungaji wake wameweka mtandaoni nakala ya majaribio ambayo mgeni anaweza kuipakia faili lake. Ni jambo jema, lakini faili hilo limekwenda kwa wengine. Orodha ya wateja na mahali wanapoishi haipelekwi huko. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, hazimsamehe mtu kwa kuwa alikuwa anajaribu tu. Mwenye kujaribu GeoNode apeleke mipaka ya kata au orodha ya masoko, vitu ambavyo kila mtu anavijua.

Tofauti hiyo ina upande wake wa mahesabu pia. Onjo linalofanya kazi katika kompyuta ya mteja linamgharimu mwenyewe kiasi kile kile, karibu na sifuri, waje waonjaji kumi au elfu kumi, kwa sababu anachotoa ni faili tu. Onjo la seva hupanda gharama kila mgeni anapoongezeka, na siku likipendwa sana ndiyo siku mwenyewe anapoanza kutafuta namna ya kulifunga. Nairobi wanalikumbuka hilo. Ushahidi, programu huria iliyozaliwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya mwanzoni mwa 2008, ilihitaji seva na fundi. Mwaka 2010 watungaji wakaleta Crowdmap, ambamo mtu yeyote aliweza kufungua ramani yake kwa kivinjari tu, gharama zikibebwa na wao. Huduma hiyo baadaye iliondolewa. Programu yenyewe, kwa kuwa ni huria, ilibaki na inaendelea kutumika.

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika na haya yote wakati ramani za Google zipo na kila mtu anazijua. Swali ni la haki, na jibu limo katika ankara. Hadi katikati ya 2018, tovuti ya biashara iliweza kuonyesha ramani hizo hadi mara 25,000 kwa siku bila malipo, yaani kama mara 750,000 kwa mwezi. Julai 2018 utaratibu ukabadilika: ni lazima kusajili njia ya malipo, kila mwezi unapewa nafuu ya dola 200, na kila mara 1,000 ramani inapofunguka ni dola 7. Nafuu hiyo ilitosha mara 28,500 hivi. Machi 2025 dola 200 nazo zikaondolewa, na badala yake ramani ya kawaida ikapewa mara 10,000 za bure kwa mwezi. Tovuti ya kuagiza bidhaa inayofungua ramani mara 100,000 kwa mwezi haikulipa kitu mwanzoni mwa 2018, ilidaiwa kama dola 500 mwishoni mwa mwaka huo, na kwa viwango vya Machi 2025 hesabu inafika dola 630. Hakuna aliyedanganywa, kwani mwenye mali ana haki ya kupanga bei yake. Lakini aliyejenga duka lake lote juu ya onjo hilo alikuwa hana pa kwenda.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na Fusion Tables, huduma ya kutengeneza ramani kutokana na majedwali ndani ya kivinjari, iliyoanza 2009 na kupendwa sana na waandishi wa habari. Desemba 3, 2019 ilifungwa. Wenye majedwali walipewa nafasi ya kuyachukua, lakini programu haikuwa yao kuichukua.

Linganisha na yaliyotokea Desemba 2020, pale Mapbox ilipotangaza kwamba toleo la pili la injini yake ya kuchora ramani katika kivinjari halitakuwa tena huria. Watumiaji walikuwa na toleo la kwanza mkononi kwa leseni isiyoweza kufutwa. Katika mwezi huo huo wakalichukua, wakalipa jina la MapLibre na kuendelea nalo, na makampuni mazito kama Amazon na Microsoft yakawa miongoni mwa wanaolichangia. Bei ilipobadilika, waliokuwa wameonja cha huria waliondoka na sufuria.

Kwa hiyo kabla mfanyabiashara hajaipenda programu yoyote ya kivinjari, aijaribu kwa kinyume. Aingize faili lake, atengeneze ramani, kisha atafute namna ya kulitoa faili hilo tena likiwa zima, katika muundo ambao programu nyingine inausoma, kama CSV au GeoJSON. Kitufe cha kutolea kisipoonekana ndani ya dakika tano, afunge ukurasa.

Mwekezaji mdogo atauliza faida iko wapi. Hisa za QGIS hazipo: mwenye mradi ni chama kilichosajiliwa Uswisi kinachoishi kwa michango ya wanachama na wafadhili. Hata Esri, kampuni kubwa ya Kimarekani inayouza ArcGIS, ni mali binafsi na haimo katika soko la hisa. Fedha ziko kwenye kazi inayoizunguka programu, yaani kufundisha, kusanifu, kutunza seva na kukusanya data. Kazi hizo hufanywa na watu wa karibu, na mtaji wake mkubwa ni ujuzi. Biashara ya aina hiyo haipati wateja mpaka wateja wawe wameonja.

Dar es Salaam ina kila kinachohitajika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu na kuharibu mali katika bonde la Msimbazi yalionyesha hasara ya jiji lisilojua mitaro na nyumba zake ziko wapi. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria, uliowahusisha Benki ya Dunia, COSTECH na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na cha Dar es Salaam, ulipita kata kwa kata ukichora nyumba, mitaro na njia za maji, na kuviweka katika OpenStreetMap kwa matumizi ya wote. Agosti 2018 jiji hilo likawa mwenyeji wa FOSS4G, mkutano mkuu wa dunia wa programu huria za ramani. Ipo hata InaSAFE, programu huria iliyoanzia Indonesia, inayoweza kukadiria majengo mangapi yataguswa maji yakifika mahali fulani. Lakini InaSAFE hufanya kazi ndani ya QGIS, nyuma ya ule mlango mzito wa gigabaiti moja.

Mwenye ghala la sukari bondeni hatavuka mlango huo. Angeweza, hata hivyo, kufungua ukurasa mmoja mwepesi kwenye simu, akagusa ghala lake na kuona maji yanatokea upande gani na mtaro wa karibu uko umbali gani. Data ipo. MapLibre ipo, haidai dola 7 kwa kila mara elfu. Vijana waliochora ramani hiyo wapo, na baadhi wanatafuta kazi. Kinachobaki ni vyuo, makampuni ya bima na wakopeshaji wanaopokea maghala kama dhamana kukubaliana nani atalipia ukurasa huo kabla ya masika.